Askari wa Pichani

Avni alisema saa nne asubuhi kitabu kinakwenda kuchapwa, na mimi nilikuwa bado na picha moja sijaiandikia maelezo.  

Tunatengeneza vitabu vya historia vya shule hapa mtaani Hurlingham, na Avni, bosi wangu, ana sheria yake: ukimjua mtu aliye pichani, unamwandika jina, halafu unatia sahihi. Picha yenyewe ni ya kambi ya wafungwa, mwaka wa 1955. Askari wa mkoloni amemshika ukosi mwanamke aliyefungwa mikono. Askari nilimjua. Ni babu yangu, Gerishon.

Nilipokuwa mdogo picha hiyo ilining'inia sebuleni kwetu, ila ya kwetu ilikatwa kwa makasi, akabaki babu peke yake na bunduki. Wageni walionyeshwa: mzee alifanya kazi na Mzungu, si mchezo. Baadaye Waingereza wakakubali kuwalipa fidia wazee wa Mau Mau walioteswa kambini, na wiki hiyo hiyo mama akaishusha ukutani, akaisukuma chini ya kitanda. Hatukuuliza. Kwetu mambo kama hayo hayaulizwi.

Nikampigia mama, nikamweleza.

"Andika hajulikani," akasema.

"Nitie sahihi uongo, mama? Watoto wa watu wasome uongo wangu?"

"Hao watoto wapo hapa kijijini. Mimi ndiye ninayeishi na wazazi wao. Ukiandika jina la baba yangu, Waringa, usije kunizika."

Nilikasirika mpaka masikio yakawaka. Niliogopa pia, sitadanganya. Mama ninaye mmoja tu, na akisema kitu huwa hakirudi nyuma.

"Waringa, imebaki dakika tano," Avni akasema akiwa mlangoni. "Uko na jina ama hauna?"

Nikaandika: Gerishon Wachira, askari wa kambi. Nikatia sahihi, simu ikiwa bado sikioni.

"Nimeandika, mama."

 Nikajua nimempoteza.

"Na huyo mwanamke," akauliza, "umemwandikaje?"

"Hajulikani. Hakuna anayemjua."

"Anaitwa Nyaguthii," mama akasema. "Ni dada yake baba yangu. Mwandike na yeye."