Walburga Alipopiga Peke Yake

Kofi lilimpata Walburga Stenzel siku ya mazoezi, nyumbani kwao Mannheim. Alikuwa ametunga sonata ya kinanda na fidla, na kwa desturi ya siku zile kinanda ndicho bibi harusi, fidla mpambe tu. Kaka yake Ignaz, mpiga fidla wa okestra ya mtawala, hakuutaka upambe.

"Yaani mimi nisimame nyuma yako nikilia kama mbu?"

"Sonata zote ziko hivyo, kaka."

"Ibadilishe."

"Sibadilishi."

Kofi likalia. Tangu baba yao afariki, Walburga alikuwa akipigwa na Ignaz kwa ajili ya supu iliyopoa au shati lisilonyooshwa, akavumilia. Kupigwa kwa sababu ya muziki kulimchoma kwingine kabisa. Alifuta damu mdomoni, akarudi kwenye kinanda.

Jumapili alasiri walipiga nyumbani kwa mjane, Bibi von Trautlingen. Wageni walikuwa bado wanatafuna keki za lozi. Sonata haijafika mbali, Ignaz akaanza kuikwaruza fidla kwa nguvu, akimfunika dada yake kusudi. Walburga hakumjali. Ndipo Ignaz akashusha uta katikati ya wimbo, akanyamaza, akingoja dada yake aumbuke.

Hakuumbuka. Muziki ulijitosheleza bila fidla. Aliendelea peke yake hadi mwisho wa sehemu ile, na wageni wakashangilia. Mzee mmoja mwenye wigi akacheka, "Bwana Stenzel, kumbe ungebaki nyumbani!"

Ignaz alikibamiza kifuniko cha kinanda juu ya mikono ya dada yake. Mifupa ikalia, waliokuwa mlangoni wakaisikia. Akakiinua, akakibamiza tena.

"Piga sasa! Si umejifanya malkia? Piga!"

Mkono wa kushoto wa Walburga ukachomoka chini ya kifuniko. Aliinyakua fidla kwapani mwa kaka yake, akamtandika nayo usoni. Mbao zikapasuka. Akampiga na kipande kilichobaki, tena na tena, mpaka Ignaz akaanguka juu ya meza ya keki, damu ikimbubujika jichoni.

"Inuka! Inuka unipige basi!"

Watumishi wakamkamata Walburga.

"Mwanangu, mwache, utamuua," mjane akamsihi.

"Niacheni nimuue."

Walburga alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe. Kilichomtisha zaidi ni kwamba hakuwa anatania.

Jicho la Ignaz halikupona. Aliondoka kwenda kwa mjomba wao Koblenz bila kuaga. Vidole vya Walburga viliungwa na daktari wa jeshi. Kimoja kikabaki kimepinda, na mwaka mzima ukapita kabla hajaweza kupiga mbele ya watu.

Kanisani alimwombea kaka yake kila Jumapili, asijue kama anaomba apone au asirudi tena.