Fenesi la Watu Wanne

Ukienda kununua sukuma wiki huku Umoja, mama mboga hukuuliza kabla hajashika kisu, "Nikukatie ya watu wangapi?" Ni swali la kila siku, halina ubaya wowote. Lakini tangu tumzike mume wangu, Ndung'u, swali hilo hunichoma, na kila jioni hujibu, "Wanne." Sukuma ya watu wanne ni nyingi mno. Naila hadi inanikinai, na iliyobaki naimwaga. Heri kumwaga kuliko kutamka "mmoja" huku watu wa foleni wakinisikia.

Jumamosi moja nilipita sokoni karibu na mkokoteni wa Sylvance, yule muuza matunda mwenye sauti ya kuita watu hata walio ng'ambo ya barabara.

"Shosho, sasa! Kuja uonje fenesi, imetoka Uganda jana."

Shosho ni nyanya yako, nikasema moyoni. Mimi nimekulia Murang'a kwenye maparachichi na ndizi. Fenesi nilikuwa nikiliona kwa mbali tu na kulidharau. Tunda kubwa kuliko mtoto mchanga, ngozi yote vipele, utaanza kulila wapi? Lakini lilinukia vizuri, siwezi kukataa. Nikasogea.

Sylvance alikuwa ameshabandua vipande vya manjano na kuvipanga kwenye vikopo. Akaniangalia, akaangalia kiondo changu, akasema, "Nikupee kakopo ka mtu mmoja?"

Hapo akaniwasha.

"Mtu mmoja nani? Nina wageni nyumbani. Nipe nusu nzima."

"Nusu? Kwani unajua kuikata?"

"Tangu utotoni."

Hakuniuliza tena. Alilifunga kwa gazeti, akalitia kiondoni, akageukia mteja mwingine. Kama ningefunga mdomo wangu, angeniambia kile anachomwambia kila mnunuzi mgeni. Mdomo wangu ndio adui yangu mkubwa.

Nilipanda ngazi hadi ghorofa ya tatu nikihema. Nikaliweka fenesi mezani, nikachukua kisu na kulichanja. Utomvu mweupe ukatoka, ukashika kisu, ukashika vidole, vidole vikashikana vyenyewe kwa vyenyewe. Nikakimbilia maji na sabuni. Ukazidi. Nikajipangusa kwa kitambaa, nacho kikanigandia kiganjani. Nikatukana kwa Kikuyu, maana kuna maneno ambayo Kiswahili hakina.

Nikaona heri nile, nisipate taabu ya bure. Niliinama nikang'oa kipande kwa meno.

"Yaani ni tamu hivi!" nikasema kwa sauti. Na nikageuka kumwambia mtu.

Nyumba ilikuwa kimya. Wakati wa matanga, sebule hii ilijaa watu hadi wengine wakakaa ngazini. Waliimba, wakala, wakaniahidi kwamba hawataniacha peke yangu. Sasa nina tunda tamu mdomoni na sina hata mtu mmoja wa kumwambia. Nililia, na nikilia sikuweza kufuta machozi, kwa sababu mikono ingeganda usoni.

Kwenye mlango unaotazamana na wangu wanakaa Deeqa na familia yake. Walihamia hapa baada ya Pasaka. Mimi ndiye mwenyeji, nikangoja waje wanisalimu. Hawakuja. Nikaapa kwamba sitaanza mimi, na kwa miezi yote hiyo tumekuwa tukipishana ngazini macho chini. Siku hiyo nilibisha mlango wao kwa kiwiko.

Deeqa alifungua. Aliona machozi kwanza, kisha mikono.

"Mama! Nani amekufanyia hivi?"

"Ni fenesi."

Alicheka, akaziba mdomo, akacheka tena. "Umekata fenesi bila mafuta? Wallahi! Mimi nimekaa Kampala, najua hii kitu. Unapaka mafuta kwa mkono na kwa kisu kwanza. Hawakukuambia?"

"Waliniuliza kama najua."

Alichukua chupa ya mafuta ya kupikia, akanifuata kwangu. Akanikalisha, akavuta stuli mbele yangu, akaushika mkono wangu wa kulia na kuanza kuusugua taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Kiganja chake kilikuwa na joto. Tangu makaburini, watu walipopita wakinipa mkono wa pole, hakuna mtu aliyekuwa amenigusa.

"Fenesi kubwa hivi," alisema. "Wageni wako wanakuja saa ngapi?"

"Hakuna wageni," nikasema. "Mzee alifariki Januari. Nimebaki mimi tu."

Vidole vyake vilisimama kidogo. "Sisi tulidhani hutaki watu," alisema polepole. "Ulikuwa unapita hausemi kitu."

"Nilikuwa nawangoja nyinyi."

Hakusema pole, na nilimshukuru kwa hilo, maana pole nimeshapewa za kutosha. Aliumaliza mkono wa kulia, akashika wa kushoto. Utomvu ulitoka kwa vipande vidogo, kitambaa kikabanduka. Vidole vikabaki vikimeremeta kwa mafuta, safi kabisa, hata kwenye kucha.

"Umeisha?" aliuliza.

"Bado kidogo," nikasema.

Deeqa aliitazama mikono yangu. Kisha akamimina mafuta mengine kiganjani, akaanza upya kwenye kidole gumba.