Kisiki Kilichonyoosha Kidole

Siku ya mardi, ndiyo Jumanne, saa tatu asubuhi, watoto makumi tatu wa darasa la ine walifika Kibati, kila mutu na kikombe chake cha plastiki, maana programu mupya ilisema watoto wasomee porini. Aliyewaleta ni Nshobole, mwanafunzi wa ualimu. Lilikuwa somo lake la mwisho la kupimwa: akikosa kumi juu ya ishirini, diploma imekwenda, na mwaka huu ulikuwa wa tatu wa kujaribu. Nyuma aliketi Inspekta Fortunat, kwenye kiti cha sebuleni kwake alichokibeba katika kamioneti.

Pori lenyewe halikuwako. Kulibaki kisiki kimoja chenye chipukizi moja. Inspekta alisema kinatosha. Fishi ya somo, karatasi iliyotoka ofisini na maswali yake, inadai muti, haikutaja urefu.

Nshobole akasoma swali kama lilivyoandikwa.

"Nani anamaliza pori letu?"

Vidole vikapanda. "Mimi, mwalimu! Mimi!" Kisiki nacho kikanyoosha chipukizi lake, kikangoja kimya. Kilionekana kimelelewa vizuri kuliko darasa.

"Haya, wewe kisiki."

"Ni kamioneti ya Papa Inspekta," kisiki kikajibu. "Ndugu zangu wamo ndani ya magunia yale."

Watoto wakageuka. Magunia ya makala, makaa ya kupikia, yalikuwa juu ya kamioneti, yamefungwa vizuri kwa kamba ya buluu.

"Mwalimu," akasema Rosette wa mustari wa mbele, mikono tayari, "amepata? Tumupigie makofi?"

Inspekta akafungua kalamu yake. Nshobole akatazama fishi, pale jibu lilipochapwa tangu ofisini.

"Amekosa. Jibu ni ujinga wa wanakijiji. Shusha kidole."

"Pole, mwalimu," kisiki kikasema, kikashusha.

Inspekta alimupa kumi na ine, akaandika kwamba nidhamu ni nzuri, hata kwa vifaa vya kufundishia. Kisha akaomba watoto wakubwa wamusaidie kukingʼoa kisiki. Makala ya kisiki, alisema, haizimiki haraka.

Mwezi uliofuata, kule Mabanga mjini, kwao Nshobole, diploma ilikuwa imekwisha tundikwa ukutani. Mama ya Nshobole alipepea babula, jiko lenye makala ya gunia la kamba ya buluu, sombe ya majani ya muhogo juu. Katikati ya makala iliyowaka likapanda jani moja bichi, likasimama wima.

"Nshobole, kuna mutu ananyoosha kidole humu."

"Muache, mama. Atachoka."

Halikuchoka. Sombe iliiva, wakaipua, wakala na fufu, na jani lilikuwa lingali linangoja kuitwa.