Marashi Kwenye Jicho la Droni

Tko, tko, tko. Kinu kidogo cha shaba kilikuwa kikitwanga iliki, na adhana ya alfajiri bado. Rosina aliusikia mlio huo tangu kwenye ngazi, akatabasamu peke yake. Basi la kampuni lilimtoa bweni la wafanyakazi la Muhaisnah na kumshusha Al Jaddaf saa kumi na nusu, na zamu yake ya usafi ilianza saa kumi na mbili. Muda huo wa katikati wenzake waliulalia kwenye benchi la walinzi. Yeye aliunywea chai kwa Bibi Kuruthum.

Aliyewakutanisha ni Humam, mjukuu wa Bibi, injinia katika karakana ileile ya droni anayopiga deki Rosina. Siku moja alimsikia akizungumza kwenye simu Kiswahili cha kwao Mwingi, akaenda kumhadithia bibi yake. "Mlete," Bibi akasema, kama anayeagiza kilo ya sukari. Alikuwa ametoka Unguja akiwa msichana na kuzeekea Dubai, na nyumba isiyo na mgeni aliiona kama sufuria isiyo na mfuniko.

"Leo ndiyo leo," Bibi alisema akimimina chai. "Humam hakulala. Wakubwa wa jeshi la majini wanakuja kuangalia droni yao inavyotua juu ya manowari. Nimemuuliza, inabeba nini? 'Inabeba mzigo, Bibi.' Mzigo gani? 'Mzigo tu.' Ananiona mimi mtoto. Kitu kiruke kutoka meli ya vita, kibebe mzigo. Mzigo gani huo, kachori?"

Rosina alicheka mpaka chai ikamwagikia kwenye kisahani. Lakini alijua. Kila asubuhi alifagia chini ya mabawa ya ile droni, palipofungwa makombora mawili ya bandia yaliyopakwa rangi ya buluu, yakishika nafasi mpaka ya kweli yaje.

Bibi akatoa chupa ndogo kutoka mfukoni mwa kanzu yake. "Kwetu chombo kipya hakitoki bila marashi. Mimi getini kwao hawanipitishi, wewe unaingia. Nyunyiza matone mawili pale inapotua, na hiyo droni yenyewe uipanguse uso. Nimetia na mafuta ya udi kidogo ili harufu ikae."

"Bibi, mimi ni Mkatoliki."

"Marashi hayasali, mwanangu. Yananukia tu."

"Na nikiulizwa?"

"Sema unasafisha. Kwani wanakulipa ufanye nini?" Kisha Bibi akashusha sauti. "Niombee iende salama na irudi salama. Na huo mzigo wake irudi nao vilevile, isipate pa kuuacha."

Kwa neno hilo la mwisho Rosina aliichukua chupa.

Karakana ilikuwa kando ya hori la bahari, na katikati ya uwanja wake palikuwa na jukwaa la chuma lililosimikwa juu ya mitambo. Mitambo ikiwashwa, jukwaa lilipanda, likashuka na kuinama ubavu kama sitaha ya manowari kwenye mawimbi, na hapo ndipo droni ilijaribiwa kutua. Rosina alilipiga deki, akanyunyiza matone mawili, akaitazama droni. Ilikuwa na ukubwa wa gari dogo, na uso haikuwa nao. Mbele palikuwa na pua butu. Aliizunguka mara mbili, akainama, na tumboni akaona kioo cha mviringo, cheusi, kinachong'aa. Uso wa kiumbe ni pale penye jicho, akajiambia. Akamwaga marashi kwenye ncha ya aproni yake, akalipangusa jicho lile taratibu, kama anavyomnawisha mtoto anayekwenda shule.

Saa tatu wageni wakafika, wamevaa sare nyeupe, wakapewa kahawa na tende. Droni ikaruka vizuri sana. Ikaenda mpaka juu ya maji, ikazunguka, ikarudi. Jukwaa likaanza kucheza. Droni ikaja juu yake, ikasimama hewani, ikasita, ikaondoka. Ikarudi, ikasita, ikaondoka tena. Rosina, aliyekuwa akiokota vikombe, aliona kitu anachokijua: bibi harusi aliyefikishwa kwa wakwe na kugoma kushuka garini mpaka apewe chochote. Nani sasa angeifuata huko juu na leso mpya? Mara ya tano betri ikakaribia kuisha, wakaishusha wenyewe kwa rimoti kwenye mchanga. Wageni wakashukuru kwa kahawa, wakaondoka na nyuso za watu wenye adabu.

Madam Fauziya, mkuu wa mradi, akawakusanya watu wake. Mmoja alisema mtambo una hitilafu. Mwingine akasema labda kuna adui anayewavuruga kwa mawimbi ya redio kutoka ng'ambo ya hori. Karakana nzima ilinukia kama chumba cha mzazi aliyetimiza arubaini, na wao wanamtafuta adui ng'ambo. Kisha mtu akakitazama kioo cha tumboni kwa tochi. Kilikuwa na utando wa mafuta, na kwa jicho hilo ndipo droni huona pa kutua.

"Nani alikikagua?" Madam aliuliza.

Gibson, fundi kijana wa Vihiga, aliinua mkono. "Ni mimi, madam. Saa kumi na moja. Kilikuwa kisafi kabisa."

"Umeandika kisafi. Mimi naona mafuta." Alinyoosha kiganja. "Kitambulisho chako. Nenda nyumbani mpaka tukuite."

Kila mtu pale alijua maana ya kuitwa. Wiki mbili zilizopita aliyeambiwa hivyo aliitwa uwanja wa ndege, na tikiti yake mkononi. Gibson alianza kuvua kamba ya kitambulisho shingoni.

Rosina alikuwa mlangoni na ndoo yake. Alikumbuka kwamba mwezi wa Ramadhani, mgongo ulipomshika, Gibson ndiye aliyembebea ndoo ile siku nne bila kumwambia mtu. Alikumbuka pia kwamba visa yake mwenyewe iko mikononi mwa kampuni, na wanawe wawili wako chuoni. Akaiweka ndoo chini.

"Madam, mwache kijana. Ni mimi. Nilimnawisha uso."

"Ulimnawisha nani?"

Rosina akaonyesha droni kwa kidevu.

"Kwa nini?"

"Alikuwa anasafiri."

Madam Fauziya akasogea, akaiinua ncha ya aproni, akainusa. Akainusa tena.

"Huu ni udi wa kweli," alisema polepole. "Nani kakupa?"

"Mtu mzima mmoja anayewatakia mema."

"Ana jina?"

"Analo, lakini jina hilo halina kosa. Mkono uliopaka ni huu."

Hapo Humam, aliyekuwa akisoma kompyuta yake muda wote kama anatafuta sindano, akasimama. "Ni bibi yangu, madam."

Madam akawatazama wote wawili. Mdomo wake ulicheza kidogo. "Mama yangu alilifukiza gari langu la kwanza mpaka kengele ya moto ya jengo ikalia. Nilimnunia wiki nzima." Akamrudishia Gibson kitambulisho chake na kumwomba radhi mbele ya watu, jambo ambalo Rosina hakulisahau. Kisha akawageukia mainjinia. "Baharini maji ya chumvi yatalipaka jicho hili kila siku. Itagoma kila siku?" Akainua vidole vitatu. "Wiki tatu. Mlitafutie dawa."

Kwa Rosina alisema kwa upole, lakini alisema. Mahali pa silaha mtu hagusi kitu. Hatafukuzwa, ila karakana asiingie tena. Kesho ataanza kwenye ofisi za Jebel Ali, upande mwingine kabisa wa mji.

Humam alimsindikiza mpaka getini. "Anti, nilijua tangu nilipofungua mlango wa karakana. Nyumba yetu yote inanukia hivyo. Nilikuwa najipa moyo niseme."

"Moyo wako ulikuwa unakuja kwa miguu?"

"Kwa miguu, anti. Nisamehe."

"Umefika. Wengine hawafiki."

Jioni walikwenda pamoja kwa Bibi, wakamweleza yote. Bibi alisikiliza ameshika kiuno.

"Nilikuambia uso. Nani kakutuma jichoni?"

"Bibi, kile kitu ni jicho na tumbo tu. Kama Gibson akiona chakula."

Bibi alicheka, akafuta machozi kwa upindo wa mtandio. "Na mzigo wake?"

"Ilirudi nao wote," Humam alisema. "Safari hii."

"Safari hii," Bibi alirudia, na hakumtania.

Ndipo Rosina akamwambia habari ya Jebel Ali, kwamba basi lake la asubuhi halitapita tena Al Jaddaf. Bibi Kuruthum aliinuka, akapanga visheti kwenye kopo, akavipangua, akavipanga tena.

"Jumapili unasali wapi?"

"Oud Metha."

"Hapo ni karibu. Padri wenu anamaliza saa ngapi?"

"Saa tano hivi."

"Basi nami sitapika mpaka saa tano," Bibi alisema, akimkabidhi kopo kwa mikono miwili. "Njoo, mwanangu. Usiniache nikinywa chai na huyu anayesoma kompyuta. Utakuja?"