Nusu ya Boneti

Luan alikuwa ameinama juu ya boneti, mashine ya kung'arishia rangi mikononi, akiisogeza polepole kutoka kioo cha mbele hadi karibu na taa, kisha akiirudisha. Kila baada ya mapito machache aliizima, akaweka mgongo wa kiganja kwenye rangi kusikia joto, akapuliza maji kidogo kwenye sponji, akaendelea. Katikati ya boneti alikuwa amebandika tepu ya karatasi ya njano, kutoka juu hadi chini. Upande wa kulia ulikuwa karibu kwisha. Wa kushoto alikuwa hajaugusa.

"Dada, sogeza mguu kidogo," alisema Hung.

Hung alikuwa amepiga magoti nyuma yake akivuta futi ya chuma ukutani, shavu limetuna kwa popoo. Alikuwa na mashine za kunyakulia midoli, zile za makucha ya chuma, katika maduka kadhaa ya wilaya hii ya Sanchong, na sasa alilitaka na duka hili. Kila alipopima alichora alama ya penseli ukutani.

"Upande huu zinaingia sita. Pale, gari likishatoka, kumi."

"Gari halijatoka," alisema Luan.

"Litatoka tu. Halafu wewe hujachoka, dada? Umri huu unashinda umepinda kama ndoano. Mashine zangu hazitaki hata mtu wa kuzikalia. Napita jioni, nazoa sarafu, naenda kulala."

"Na aliyekosa mdoli?"

"Anarudi kesho!" Hung alicheka, akatema maji mekundu ya popoo kwenye kikombe cha karatasi. "Ndiyo biashara yenyewe hiyo."

Luan alitabasamu bila kutaka. Hakumchukia. Hung naye alikuwa na mkopo wa benki uliomkalia kooni, kama bei ya umeme ilivyomkalia yeye tangu ipande.

Duka lilikuwa la Mzee Kuo, aliyemfundisha kazi. Bega lilipomshinda, mzee alihamia kwa mwanawe, kule mji wa Taitung, akamwachia Luan mashine, taa na wateja. Mkataba wa pango hakuweza kumwachia, maana ulikuwa unaisha na mwezi huu wa saba wa kalenda ya mwandamo. Hung alikuwa ameahidi kulipa karibu mara mbili, na Mama Tsai, mwenye jengo aliyeishi ghorofani, alikuwa bado hajasema neno. Badala yake alimletea Luan gari la marehemu mumewe, jeusi, refu, la Kijerumani, ambalo kesho dalali angekuja kulitazama.

"Lipake yale mafuta ya kuficha mikwaruzo," Mama Tsai alikuwa amesema. "Ling'ae kesho, basi."

Luan aliitikia, ndiyo mama. Chupa ya mafuta hayo ilikuwa pale kwenye rafu. Yakipakwa, gari hung'aa kama kioo, na likioshwa mara mbili mikwaruzo yote hurudi. Aliitazama ile chupa kwa muda, kisha akachukua mashine. Kama hili ndilo gari lake la mwisho chini ya paa hili, hakutaka liwe la uongo. Na alikuwa na tumaini dogo ambalo hakumwambia mtu: kwamba Mama Tsai, ambaye miaka yote alipita mlangoni akielekea sokoni bila kugeuza shingo, safari hii angeingia na kuangalia.

Nje, mtaa mzima ulikuwa umetoa meza. Ilikuwa siku ya kuwalisha wale ndugu wema, yaani wafu ambao mwezi huu hurudi kuzurura duniani na hawaitwi kwa jina lao. Kila duka lilipanga biskuti, tambi za pakiti, soda na bia, vijiti vya ubani vikifuka juu yake. Mama Tsai aliteremka na meza yake, akaipanga mbele ya duka, akasali, halafu akaanza kutumbukiza karatasi za dhahabu, zile pesa za wafu, kwenye pipa la chuma. Moto ulinguruma. Moshi ukaingia ndani.

Luan aliutazama ule moshi, akautazama mlango wa shata, ule wa bati la kuvuta chini, juu yake. Angeuvuta, kazi ingekuwa salama. Lakini kuwafungia mlango usoni wale ndugu wema katika siku yao ni jambo ambalo mwenye duka yeyote wa mtaa ule asingethubutu, sembuse mbele ya mwenye nyumba. Alizima mashine, akasubiri.

Upepo ukageuka. Majivu yaliingia kama mbu, yakatua kwenye boneti, pande zote mbili za tepu.

"Alaa! Gari jamani!" Mama Tsai aliacha karatasi zake, akaja mbiombio, akafungua buti la gari. Alijua pa kushika bila kuangalia. Alitoa ufagio wa manyoya ya kuku, mpini wake umepauka kwa kushikwa, akauinua juu ya boneti.

"Usifute!"

Luan alikuwa ameshamdaka mkono. Hung aliacha kutafuna. Mtaa ule hakuna aliyewahi kumpigia Mama Tsai kelele, sembuse kumshika.

"Samahani, mama." Luan alimwachia. "Majivu yana chembe ngumu. Ukiyafuta makavu, yanachora rangi."

Alichukua kipulizio cha upepo, akayarusha majivu, akamwaga maji, akakausha kwa kitambaa laini bila kukandamiza. Kisha akawasha taa yake ya mkono.

"Simama hapa, mama. Tazama."

Upande wa kulia, mwanga wa taa ulikaa ndani ya weusi kama mwezi ndani ya kisima. Upande wa kushoto, mwanga uleule ulizungukwa na duara juu ya duara za nyuzi nyembamba, kama utando wa buibui.

Mama Tsai aliinama. "Hii ni nini?"

"Mikwaruzo."

"Nani kalikwaruza?"

Luan angeweza kusema vumbi la barabarani, au vijana wa kuosha magari. Lakini macho yake yakamponyoka, yakaenda kwenye ufagio. Mama Tsai akayafuata.

"Mume wangu, kila asubuhi," alisema mama taratibu. "Kabla hata ya chai. Nilikuwa namwambia, wewe mzee, mimi mkeo hujawahi kunifuta vumbi hivyo." Hung alikohoa kicheko, akakimeza. "Kumbe alikuwa analichuna."

"Alikuwa analitunza, mama. Mimi napokea magari ya kila namna. La mtu asiyejali utalikuta limeparuzwa na kuta na nguzo. Hili halina hata paruzo moja. Lina hii tu."

Mama Tsai alipeleka kidole upande wa kushoto, bila kugusa, akazungusha hewani kama anayefuata mkono wa mtu mwingine.

Hung alikunja futi yake. "Mama, na mimi niwahi. Ule mkataba, tukitia sahihi leo..."

"Leo?" Mama Tsai aligeuka. "Jambo jipya mwezi wa saba? Na watu wote hawa wako barabarani?"

Hung alitazama nje. Barabarani palikuwa na meza, moshi na paka mmoja tu. Alifuta midomo kwa kiganja.

"Hapana, mama, nilisema tu. Mwezi ukiisha, basi."

"Ukiisha, njoo. Sijasema ndiyo." Alimsubiri aondoke, ndipo akamgeukia Luan. "Nilikuambia upake mafuta."

"Uliniambia, mama."

"Huo upande wa pili utaumaliza lini?"

"Kesho. Milango ni keshokutwa."

"Na dalali ni kesho." Mama Tsai alitia karatasi zilizobaki kwenye pipa, akazitazama zikijikunja. "Nitampigia asije. Mlango wa dereva, wenye alama za mkono wa mume wangu, usiuguse mpaka nikuambie."

"Sawa, mama."

"Na pango litapanda, Luan. Sikufichi. Umeme unapanda kwangu vilevile. Lakini halitafika alipofika Hung."

"Litafika wapi?"

"Mwezi ukiisha tutakaa, tutazungumza. Kesho nitashuka na kiti changu. Nataka kuona unavyofanya."

Mama Tsai alipopanda ngazi, Luan alibaki amesimama. Hakuwa amepewa duka. Alikuwa amepewa siku zilizobaki za mwezi, na kodi ambayo huenda angeimudu, huenda asingeimudu. Mzee Kuo alipokuja hapa, fundi wa enzi hizo alilipia duka na bado akasomesha watoto.

Aliosha sponji, akazianika kwenye kamba. Ufagio wa manyoya ulikuwa umeachwa juu ya benchi. Aliutundika kwenye msumari ukutani, juu kabisa ya alama za penseli za Hung, kisha akavuta shata. Tepu aliiacha palepale katikati ya boneti, ili kesho ajue pa kuanzia.