Mgeni wa Kwenye Karatasi ya Chokoleti

Marcelina alikuwa akichemsha mapanki jikoni kwake Kamunyonge pale mtu wa kwenye karatasi ya chokoleti aliposema kwamba naye angependa kuonja. Chokoleti yenyewe Boke, binti yake, alipewa na wageni wa parokia waliokuwa wanakwenda kuhiji Mwitongo. Maandishi ya Kizungu, kwa jinsi Boke alivyoyasoma, yalisema mkulima wa kakao hii amelipwa kwa haki. Chini yake mkulima mwenyewe alikuwa anacheka, amevaa kofia ya ukindu.

“Naitwa Ambakisye, wa Kyela,” alisema. “Kakao nimelima tangu ujana. Hii chokoleti inayotokana nayo sijawahi kuitia mdomoni.”

Marcelina hakushangaa, alikereka. Kipande kilikuwa kidogo na nyumba ilikuwa na watu. Lakini pale hakuna aliyekula huku mgeni anatazama, basi akammegea, akamwekea ukingoni mwa karatasi. Ambakisye akatafuna polepole, machozi yakamlengalenga.

“Si walikulipa vizuri, babu?” Boke akamuuliza.

“Bei waliongeza, sina ugomvi. Ila walinipiga picha nikicheka, wakaenda zao. Hakuna aliyerudi na kipande.”

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe lilikuwa refu kuliko karatasi, hivyo Marcelina alimpa kijiko, akaichomeka karatasi kwenye tuta, na Ambakisye akapalilia mchicha. Alipalilia vizuri.

Kilichomkosesha Marcelina raha ni mama mkwe wake, Nyamburi. Bibi huyo aliumwa tangu Kwaresima, meno hana, na alitaka kitu kimoja tu, mnofu wa sangara. Mwanawe Kasmiri, mume wa Marcelina, alivua sangara kila siku. Lakini nyavu na barafu vilikuwa vya Alfonce, wakala wa kiwanda, na samaki walitoka mwaloni Mwigobero moja kwa moja kiwandani. Minofu ilipanda ndege. Mifupa, ndiyo hayo mapanki, ilirudi sokoni, wakainunua wale wale waliovua. Upuuzi mtupu, na kila mtu aliuzoea.

“Miaka ile ya foleni, sabuni tulikuwaga hatuna,” Nyamburi alisema, “lakini samaki tulikulaga mzima, na macho yake. Sasa hivi maduka yamejaa sabuni za kila rangi. Mimi ninyonye miiba?”

Mwezi uliofuata Alfonce alikuja na mpiga picha. Walitaka mama anayejua kucheka, wamweke kwenye maboksi ya minofu.

“Mama, shika kipande kwanza ndipo ucheke,” Ambakisye alisema kutoka kwenye tuta.

“Nataka mnofu wa mama mkwe wangu,” Marcelina akamwambia Alfonce.

“Mama Boke, cheka kwanza. Samaki si utakuwa naye mkononi?”

Huko Mwigobero walimbebesha sangara mkubwa kama mtoto wa shule. Akacheka. Mwanga wa kamera ulipowaka tu, samaki akachukuliwa mikononi mwake, akazikwa kwenye barafu.

“Huyu ameshapimwa,” Alfonce alisema. “Tutaona wiki ijayo.”

Wiki ijayo haikuwahi kufika. Badala yake, mchana mmoja Marcelina akisugua sufuria, uso wake ulijikuta kwenye boksi, ndani ya jiko la watu lenye kuta nyeupe. Mikono ilibaki Kamunyonge ikisugua. Mama wa huko alikuwa anakaanga. Marcelina akapiga hodi, akaeleza habari ya bibi asiye na meno. Yule mama hakuelewa neno, lakini alikuwa na adabu, akamnyooshea kipande kwa uma.

Marcelina hakukimeza. Alikibana shavuni kama mama anayemtafunia mtoto, akasubiri aruhusiwe kurudi. Uso uliporudi, shavu lilikuwa tupu.

Tangu hapo aliitwa kila boksi lilipofunguliwa. Maboksi yalikuwa mengi na ugali ulikuwa unaungua. Kila mara alibana kipande shavuni, na kila mara kilipotelea njiani.

“Na wewe wameandika umelipwa kwa haki?” Ambakisye alimuuliza jioni moja.

“Wameandika. Maneno ni yale yale ya kwako.”

Ambakisye akaendelea na mchicha.

Marcelina akaingia ndani kumtazama mama mkwe. Nyamburi alimvuta karibu, akamnusa midomo.

“Umekula sangara.”

“Nimeonja tu, mama. Nilikuwa nakuletea.”

“Alikuwa laini?”

“Laini, mama. Hana hata mwiba.”

Bibi akafumbua mdomo, akasubiri. Marcelina akavuta sufuria ya mapanki, akaanza kukwangua mifupa kwa ukucha.