Usisahau Dawa

Neno la kwanza alilolisema mama tangu kiharusi kimfunge ulimi lilikuwa "dawa," na shangazi alilifurahia mpaka akaangusha bilauri. Nilimkuta mlangoni nikitoka shule, kitambaa cha kichwa kimemlegea, akicheka na kulia kwa pamoja. Alinishika mabega akaniambia wifi yake amesema, tena si mara moja, na kwamba baba amekwisha kupigiwa simu na yuko njiani.

Ili uelewe furaha ile, sharti umjue mama alivyokuwa. Alikuwa mtangazaji wa stendi ya mabasi, yule anayekaa kwenye kibanda cha vioo na kipaza sauti akitaja mabasi yanayoondoka, na mji mzima ulimjua kwa sauti kabla ya kumjua kwa sura. Nyumbani hakubadilika. Aliweza kumgombeza baba, kunisahihishia hesabu na kujibu salamu za jirani dirishani, vyote kwa pumzi moja. Kisha asubuhi moja akaanguka akivaa viatu, na tangu hapo nyumba ikawa kimya hata tukaanza kuuchukia mlio wa vijiko.

Daktari alisema sauti inaweza kurudi akipata kitu cha kumvuta aseme. Baba alikuwa fundi wa majokofu. Kubembeleza kwa maneno hakukujua, alijua kutengeneza. Akachukua vioo vya jokofu bovu la duka moja, akaviunganisha kwa gundi, akafunga pampu ndogo iliyokoroma kama paka, akaliweka tangi lile kando ya kitanda, upande wa mkono wa mama uliobaki na nguvu. Humo akatia samaki wekundu. Mmoja mnene tulimwita Kondakta kwa sababu alikuwa hachoki kuwasukuma wenzake nyuma. Mama alipomwona akifanya hivyo kwa mara ya kwanza, upande mmoja wa mdomo wake ulicheka. Baba akatoka nje haraka, akajifanya anatafuta bisibisi.

Kuanzia hapo mama aliwatazama wao asubuhi kabla ya kututazama sisi. Midomo yake ilianza kuhangaika, na baba akawa anatuapia kwamba neno limekaribia.

Sasa, nyumbani kwetu kulikuwa na dawa tatu. Kulikuwa na vidonge vya mama vya shinikizo la damu. Kulikuwa na vidonge vya kutia kwenye ndoo ya maji ya kunywa, maana bomba la mtaani halikuaminika. Na kulikuwa na chupa ya buluu aliyouziwa baba pamoja na samaki, yenye matone ya kuua ukali wa maji ya bomba yasije yakawaunguza. Zote tuliziita dawa tu, na sisi wa nyumba hiyo hatukuwahi kuzichanganya.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa amekuja kumuuguza mama. Alikuwa mwanamke wa kazi na usafi. Ukikaa mahali pamoja muda mrefu angekupangusa vumbi. Asubuhi ile baba aliitwa kutengeneza chumba cha baridi cha wauza nyama. Akiwa mlangoni na sanduku lake la vifaa, alimwomba dada yake apunguze maji ya samaki na kuongeza mapya.

"Na usisahau dawa," alisema.

Shangazi alinisimulia mwenyewe. Alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kazi ya tangi pale wifi yake alipokigonga kitanda kwa mkono na kusema, "Dawa." Bilauri ikamponyoka. Akakimbilia vidonge vya mama. Mama akageuza uso, akasema tena kwa nguvu zaidi, "Dawa." Shangazi akamwinua kichwa kwa upole, akamnywesha. Mama alimeza huku akilia.

"Machozi ya furaha," shangazi aliniambia.

Baba aliingia na grisi mikononi, akapiga magoti kando ya kitanda.

"Sema tena, mke wangu."

 Mama alimtazama, kisha akapeleka macho kwenye kioo cha tangi. Kondakta alikuwa amelala ubavu juu ya maji, na wenzake waliobaki walikuwa wakitweta kwenye kona. Chumba kilinuka kama zahanati iliyotoka kupigwa deki. Dirishani palikuwa na chupa ya buluu, haijapungua, na kando yake pakiti tupu ya vidonge vya ndoo. Vilivyokuwa salama kwetu vilikuwa sumu kwao. Niliiona furaha ikimtoka baba usoni.

Tulisikia hatua za shangazi akija na supu. Baba akaitia pakiti mfukoni, akanyoosha mkono nyuma ya tangi na kuchomoa waya. Mkoromo ukakatika.

"Pampu imekufa, dada," alisema. "Samaki wamekosa hewa."

Shangazi akamtania kwamba yeye ni fundi wa aina gani, anayetengeneza majokofu ya watu wote huku kipampu cha nyumbani kwake kinamshinda. Baba akakubali kwamba ni aibu kweli. Shangazi aliporudi jikoni, baba alimwinamia mama.

"Nimekusikia," alimwambia. "Ulisema vizuri. Sisi ndio tulioelewa vibaya."

Mama akafumba macho. Midomo yake haikuhangaika tena baada ya siku ile. Baba alileta samaki wengine. Mama akageukia ukutani. Mvua za mwaka ule hazikumkuta akiwa hai.

Msibani, shangazi alikaa katikati ya wanawake, akiwasimulia.

"Neno lake la mwisho aliniambia mimi," alisema. "Aliomba dawa. Alitaka kuishi, jamani, na nilimpa kwa mkono wangu huu."

Iliniuma. Nilitaka baba aseme, mbele ya watu wote, mama alikuwa akimpigania nani. Mwanamke mmoja aliyefanya kazi na mama stendini alimgeukia baba, akamuuliza kama ni kweli marehemu alisema.

"Ni kweli," alijibu baba. "Alitamka wazi kabisa."

Kisha akamsogezea dada yake kiti.